Sababu: Kumfuata Mwenzi

Ofisini walimwita Otomatiki, na yeye, badala ya kukasirika, alilivaa jina hilo kama nishani. Alikuwa mwandishi wa programu katika idara ya kuhamisha walimu, ghorofa ya tatu, chumba chenye feni moja inayozunguka ikijisikia. Umri wake miaka arobaini na miwili, kitambi ndiyo kwanza kinaanza, na kichwani imani moja tu: binadamu wakipunguziwa maswali, dunia itatulia. Na usije ukamwomba akueleze kazi yake. Utamaliza chai yako, utamaliza na ya mwenzako, na yeye bado yuko kwenye utangulizi.

Kazi yenyewe, tukiisema bila mbwembwe, ilikuwa hivi. Shule zilituma maombi ya walimu kwa kompyuta, mstari mmoja mmoja: jina la kitu, nukta mbili, jibu. UMRI: 41. SOMO: Hisabati. Vyote hivyo vilifika vikiwa maneno matupu, hata huo umri, na maneno hayajumlishiki. Ilibidi kila jibu lihamishiwe kwenye muundo wenye vyumba. Chumba cha umri kinapokea namba tu. Chumba cha tarehe kinapokea tarehe tu. Chumba cha sababu ya kuhama kinapokea sababu nne zilizopitishwa na idara, ya tano haipo. Fomu zilikuwa za aina thelathini na saba, na zamani kila aina iliandikiwa programu yake kwa mkono. Aliyemtangulia Otomatiki kwenye kiti kile aliacha kazi akaenda kufuga kuku, na kila aliyemwona baadaye alisema amenawiri.

Otomatiki akaandika makro. Makro ni programu inayoandika programu: unaipa orodha ya vyumba, yenyewe inakutolea mistari elfu mbili ya kuhamisha majibu, bila kuchoka na bila kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Na hapa tusimwonee bure, ilikuwa kazi safi. Fomu thelathini na saba ziliisha kwa wiki mbili. Siku ile ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza alitembea korido nzima akitafuta mtu wa kumwonyesha, akampata mfagizi, akamshikilia nusu saa.

Tatizo, makro ilikuwa na msimamo. Ikikuta jibu isilolielewa, inagoma. Inatoa mstari mwekundu, na fomu ile inapelekwa kwa mama wa masjala. Mama huyu alikuwa ametunza majalada ya idara kwa miaka ishirini na minane, miwani kwenye kamba, na alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Anasoma fomu mpaka chini, halafu anampigia simu mwalimu mwenyewe. "Mwanangu, hapa umeandika kitu sijakielewa. Hebu nieleze." Na anasikiliza kweli! Otomatiki alikuwa akimsikia, mikono inamwasha.

"Mama, unajichosha bure," alimwambia siku moja. "Hii ni data. Data haihojiwi."

"Data ndiyo nani?" mama akauliza, wala hakuinua macho kwenye jalada.

Sasa ikaja siku ya wageni. Mkurugenzi alikuwa amewaalika wakubwa waje kuuona mfumo saa nane mchana, na saa saba Otomatiki akajaribisha fomu zote elfu nne. Mistari myekundu arobaini na mitatu. Yote kwenye chumba kimoja, chumba cha sababu. Walimu, jamani! Mtu anapewa sababu nne zilizoandaliwa vizuri, achague moja ashukuru, yeye anakaa kuandika maisha yake.

Akafungua makro akaongeza mstari mmoja: jibu lisiloeleweka, weka la kawaida. Kompyuta, ambayo haina haya, ikataka kujua la kawaida ni lipi. Otomatiki akaitazama orodha. Kumfuata mwenzi, ugonjwa, masomo, kubadilishana. Akachagua la kwanza. Kwa nini la kwanza? Kwa sababu lilikuwa la kwanza, mnataka sababu gani nyingine? Na anayemfuata mwenzi kisheria hupelekwa aliko mwenzi. Kama haijulikani aliko, akaweka makao makuu, mji ule ule wa ofisi. "Nitarudi nilirekebishe," akajiambia. Waandishi wa programu huambiana hivyo kila siku, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akirudi.

Saa nane wageni wakaketi. Fomu elfu nne zikapita bila mstari mwekundu hata mmoja. "Makosa sifuri!" Mkurugenzi akatangaza, na wakubwa wakapiga makofi. Mama wa masjala alikuwa mlangoni na birika la chai. Hakupiga makofi, ila alikuwa ameshika birika.

Orodha ya uhamisho ikatoka baada ya wiki mbili, na Otomatiki hakuitafuta kwa ajili ya elfu nne. Alitafuta jina moja. Mke wake alikuwa mwalimu wa Kemia katika shule ya bweni, mwendo wa siku nzima kwa basi, na huu ulikuwa mwaka wa sita wanaishi hivyo, wanaonana likizo. Alimtaka mke wake nyumbani. Hapo hapana utani wala majivuno. Alikuwa amechoka kula amesimama jikoni, amechoka kusimulia televisheni habari za ofisi. Muhula uliopita ndiye aliyemsukuma ajaze fomu. "Sababu weka kumfuata mwenzi, basi," alimwambia. "Wala usihangaike na maelezo. Siku hizi fomu hazisomwi na binadamu." Mkewe akasema sawa, amejaza.

Na jina likawepo! Kituo kipya: makao makuu. Sababu: kumfuata mwenzi. Otomatiki akampigia simu pale pale.

"Hongera, mke wangu! Unakuja nyumbani!"

"Nimeona," mkewe akasema. "Nadhani kuna..."

"Furaha, najua! Hata mimi nimeshindwa kukaa."

"Sikiliza. Nadhani kuna makosa."

"Makosa? Kwenye mfumo wangu? Acha wasiwasi. Nimeanza kupaka rangi chumba, ile ya maziwa uipendayo."

Upande wa pili pakawa kimya kirefu, na yeye akaelewa kwamba mkewe amezidiwa na furaha. Akamwambia asilie, akakata simu akaenda kununua brashi.

Jumatatu yake walianza kuingia. Dada wa mapokezi ndiye aliyepiga simu juu: hapa chini kuna walimu na masanduku yao, wanasema wamekuja kumfuata mwenzi, nao hawana wenzi, nifanyeje? Otomatiki akashuka akitabasamu, akidhani ni mtu mmoja amekosea mlango. Akawakuta kumi na wawili. Mbele alikuwa mtawa, mwalimu wa Dini, kitambaa cheupe kimenyooka, barua mkononi.

"Barua inasema nimehamishiwa kwa mume wangu," mtawa akasema kwa upole. "Nimekuja kumwona. Hata mkuu wa nyumba yetu ana hamu ya kumjua."

Watu wakaangua kicheko. Nyuma yake akasogea mzee mmoja, mwalimu wa Historia aliyebakiza miaka miwili kustaafu, yeye hakucheka. "Mimi mke wangu nilimzika miaka minne iliyopita," akasema. "Hapa imeandikwa namfuata. Sasa naomba kuuliza, mmeniandikia kazi au mmeniandikia kifo?"

Pembeni, ukutani, alisimama mwanamke mwenye kilemba cha bluu, hasemi na mtu, anatazama mlango wa kuingilia kila unapofunguliwa. Mama wa masjala, aliyekuwa ameshuka bila kuitwa, alimwendea huyo kabla ya wote. Akamwinamia, akasikiliza, kisha akamshika mkono akampeleka chumba cha majalada akafunga mlango kwa ufunguo. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Yule," akamwambia Otomatiki, "anamkimbia mumewe. Aliandika kwenye fomu, mume ameshajua ninapokaa, naomba mnihamishe. Na mume mwenyewe anaishi mji huu huu. Wewe umemchukua kule umemleta huku. Umemfikishia mlangoni."

Otomatiki akataka kusema kitu kuhusu ubora wa data, neno likakwama.

Mkurugenzi hakukwama. Yule yule wa makosa sifuri alipiga meza mpaka kalamu zikaruka. "Nataka majina ya wote walioguswa na huo mstari wako kabla ya kesho saa sita! Kisha wataitwa mmoja mmoja, wahojiwe upya, uso kwa uso. Na atakayewahoji ni wewe. Dirisha namba tano, wiki nzima. Mama wa masjala atakaa hapo kama shahidi. Umetengeneza mashine ya kutouliza watu maswali, sasa utayauliza wewe."

Kupata majina haikuwa kazi. Aliufuta ule mstari, akaendesha upya, na wekundu ukarudi: arobaini na tatu. Halafu ikabidi afanye kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu aajiriwe. Akasoma.

Mwanzoni alicheka, na ni haki yake. SABABU: Mkuu wa shule na mimi tumegombea kiti. Kiti ni changu. SABABU: Waulizeni popo walioko darini kwangu. SABABU: Sina, nataka tu kuona kwingine. SABABU: Nimefundisha hapa miaka kumi na tisa na bado wananiita mgeni. Akafika kwa mzee wa Historia. SABABU: Nyumba ya shule bado inanukia sabuni ya marehemu. Hapo akaacha kucheka. Makro ilikuwa imeisoma harufu hiyo, ikakosa chumba chake, ikaandika kumfuata mwenzi.

Ya arobaini na moja ilikuwa ya mke wake.

Aliisoma haraka, akarudi juu akaisoma polepole. SOMO: Kemia. KITUO KINACHOOMBWA kilikuwa shule mpya iliyofunguliwa mbali zaidi, siku mbili kwa basi badala ya moja, ile iliyojengewa maabara na kukosa mwalimu. SABABU: Nimezoea kuishi peke yangu na napenda niendelee. MWENZI: Yupo. Asiulizwe.

Otomatiki akakaa. Feni ikazunguka kidogo, ikaacha. Moyo ulimuuma, tena uliuma kwa aibu pamoja na maumivu yenyewe, kwa sababu haya yote yalikuwa yameletwa kwenye kompyuta yake miezi mitatu nyuma, yakakaa humo kwa herufi kubwa. Mkewe hakuficha kitu. Aliandika mahali pa wazi kabisa, akiwa na hakika kwamba mumewe hatasoma.

Basi mtu mwingine angesimama akapiga simu. Otomatiki akapiga hesabu. Kama fomu hii itahojiwa upya, mke anakwenda siku mbili mbali. Kama haitahojiwa, barua ile ya kwanza inabaki na nguvu zake, na sheria ya utumishi inamtaka mwalimu aripoti kituo kipya ndani ya siku thelathini. Atakuja nyumbani. Atakasirika kidogo, ataona rangi ya maziwa, atazoea. Si alizoea kule? Akaliondoa jina kwenye orodha.

"Arobaini na mbili," akamwambia Mkurugenzi.

Mama wa masjala alikuwa amekaa kwenye kona. "Siku ya wageni zilikuwa arobaini na tatu," akasema. "Niliziona kwenye kioo chako wakati napita na chai."

"Moja imejisahihisha."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

Mama akavuta mdomo, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Wiki ya dirishani ilimtesa. Makro inamaliza fomu elfu nne kwa sekunde tatu; yeye na mwalimu wa popo walimaliza dakika hamsini. Kila akitaka kumalizia mtu sentensi, mama wa masjala aligonga meza kwa kidole. Mtawa alirudishwa shuleni kwake kwa barua ya kuomba radhi, akasema atamwombea. Mzee wa Historia alipewa nyumba nyingine katika shule ile ile, kumbe ndicho tu alichokuwa akitaka, nyumba nyingine. Mwanamke wa kilemba cha bluu alikuwa ameshaondoka siku ya kwanza, na kituo chake mama wa masjala alikiandika kwa mkono, hakumwonyesha mtu.

Ijumaa saa nane na nusu Otomatiki akamalizana na mtu wa arobaini na mbili. Akajinyoosha, akaanza kukusanya makaratasi.

"Bado mmoja," mama wa masjala akasema.

Akainua macho. Mkewe alikuwa anatoka kwenye benchi la nyuma, begi begani, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Mkononi ana kikaratasi cha foleni. Alikuwa ameketi pale tangu asubuhi kama watu wengine, na mumewe, aliyekuwa akitazama kompyuta, hakumwona.

"Mke wangu!" Otomatiki akaruka. "Mbona hukusema unakuja? Twende nyumbani, rangi imekauka, utaona..."

"Nina namba," mkewe akasema. Akaweka kikaratasi kwenye kidirisha, akaketi. "Uliza."

"Lakini hapa si mahali pa..."

"Hapa ndipo. Huyu mama alilinganisha orodha yako na fomu zenyewe, akanipigia simu Jumanne, akaniuliza kama fomu yangu imejisahihisha. Nikamwambia haijaniuliza."

Otomatiki akamgeukia mama wa masjala. Mama alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya kanga, hana habari naye. Dada wa mapokezi alikuwa amesogea karibu. Mfagizi naye alikuwa amegundua sehemu chafu sana pale pale karibu na dirisha namba tano.

Otomatiki akaketi. Akaanza kuandika jina.

"Hujaniuliza," mkewe akasema.

"Jina lako nalijua!"

"Uliza."

Akauliza jina, akajibiwa. Akauliza somo, akajibiwa. Akauliza kituo, akajibiwa. Kidole cha mama wa masjala kilikuwa juu ya meza, kinangoja.

"Sababu ya kuhama?"

Mkewe alifikiri kwanza. "Mwaka wa kwanza kule nililia kila siku," akasema. "Wa pili nikazoea. Wa tatu nikagundua kitu. Nikianza kusema jambo, nalimaliza mwenyewe. Wanafunzi wananingoja. Walimu wenzangu wananingoja. Nikija likizo nyumbani, naanza, unamaliza wewe, na kila mara unamalizia kitu ambacho sikuwa nakisema. Sikuchukii. Wala hakuna mtu mwingine, usije ukaandika hivyo. Nataka kuishi mahali ambapo..."

"Ambapo kuna maabara," Otomatiki akasema.

Kidole kikagonga. Mkewe akamtazama tu, hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Ambapo nasikika," akasema. "Andika."

"Chumba cha sababu hakipokei..." Akamgeuzia kompyuta aone. "Mfumo una sababu nne."

Mama wa masjala akamsogezea karatasi nyeupe na kalamu. Otomatiki akaandika kwa mkono, mwandiko mbaya wa mtu aliyesahau, akiuliza neno kwa neno pale aliposahau alivyosema. Mkewe akamwambia asome. Akasoma kwa sauti, mbele ya mfagizi, mbele ya dada wa mapokezi, na alipofika kwenye likizo ikabidi aanze mstari upya.

"Sahihi," mkewe akasema, akachukua kalamu akatia saini yake chini.

Fomu ilitaka saini mbili, ya mwombaji na ya afisa. Otomatiki aliishika kalamu ile ile, bado ina joto la vidole vya mkewe. Machozi yalikuwa karibu na hakuona haja ya kuyaficha.

"Likizo ya Desemba," akasema, "utakuja?"

Alikuwa na jibu tayari mdomoni. Alikuwa na majibu matatu. Akayafungia yote nyuma ya meno, akangoja. Mkewe aliangalia begi lake, akaangalia mikono yake mwenyewe, akachukua muda wake wote aliotaka kuuchukua.

"Sijui," akasema.

Otomatiki akangoja tena, huenda kuna neno linafuata. Halikufuata. Akatia saini.